Uchochoro Usiotokea Popote

Bakhtawar alikuwa anageuza pilipili zake juani aliposikia miguu ikikimbia, na kabla hajainua kichwa alijua ni miguu ya mgeni. Mtu wa pale hakimbii kuingia. Barabarani ukimbie, barabara ni ya serikali. Kwenye gali ukimbie pia ukitaka, maana gali ni uchochoro unaotokea upande wa pili, na kila mwenye haja na huo upande wa pili ana haki ya kupita. Lakini kule ndani, nyuma ya lango kuukuu lililobaki miimo mitupu, hapakuwa barabara wala gali. Palikuwa vehra. Palianzia mlangoni kwa Bakhtawar pakaishia ukutani, na katikati wanawake walikaa vichwa wazi kama mtu aliye uani kwake, wakimenya vitunguu vizingitini na kusukana nywele. Mwanamume asiye wa humo, hata awe muuza maziwa wa miaka yote, husimama kwenye miimo, akakohoa, akangoja sauti ya mwanamke imwambie apite. Sauti hiyo ilikuwa ya Bakhtawar tangu mama mkwe wake alipofariki, kwa kuwa mlango wake ndio wa kwanza.

Msichana alimpita mbio, mguu mmoja una sandali, mwingine mtupu. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho. Bakhtawar alimwona akiupapasa ule ukuta kwa viganja, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Kisha akageuka, uso umempauka, akarudi akijikokota.

"Mama, hapa panatokea wapi?"

"Hapatokei, mwanangu. Hii ni vehra."

"Kibao kimesema gali! Pale nje, kibao cha manispaa, nimekisoma. Gali Namba Tisa."

Bakhtawar aliuma mdomo. Kile kibao cha bluu kililetwa mwaka uliopita na vijana wenye ngazi, ili watu wa umeme wapate pa kupeleka bili zao. Wanawake walikicheka siku nzima. Sasa hakikumchekesha.

"Nani anakufukuza?"

"Ba'mkubwa. Na Sajjad mwanawe." Alikuwa anahema mpaka maneno yanakatika. "Mwanawe mkubwa ameua mtu kwa ugomvi wa maji ya mfereji. Wazee wamekaa, wamesema damu iishe, watoe msichana aolewe na kaka wa marehemu. Wamenitoa mimi. Binti zake wako watatu, kanitoa mimi kwa sababu baba yangu hayupo. Nikaha ni leo jioni. Yuko wakili, mwanamke, ananingoja mahakamani. Hakimu anakaa mpaka alasiri. Nikifika nikasema kwa mdomo wangu kwamba sitaki, hawawezi tena, ni kosa la jela. Nikichelewa, basi."

"Jina lako?"

"Shumaila."

Hapo hapo kikohozi kikasikika kwenye miimo. Kikohozi kizito, cha mtu aliyelelewa.

Bakhtawar alimshika msichana mkono, akamtupia ndani kama anayetupia kuku bandani, akavuta pazia la mlango. Kwenye vizingiti visu vya vitunguu viliachwa vilipo, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho.

"Assalaam alaikum, wenye nyumba," ilisema sauti. "Mimi Haji Khuda Bakhsh, wa vehra ya wafua shaba. Natafuta mtoto wangu."

"Wa alaikum salaam, Haji. Ngoja hapo. Wanawake wako wazi."

"Nangoja, dada."

Na angengoja. Mtu wa vehra ya wafua shaba anajua. Lakini kungoja kwake ndiko kulikomtia Bakhtawar baridi ya mgongo kwenye jua lile la Juni. Huyu hakuwa na haraka. Alishaiona sehemu hii ni nini, na alijua kilichoingia hakina pa kutokea ila miguuni kwake.

Bakhtawar hakwenda kwa msichana. Alikwenda chumba cha nyuma, akavuta kando mfarishi uliotundikwa ukutani. Nyuma ya mfarishi palikuwa na kidirisha cha mbao, kimo cha kiuno, upana wa mwanamke aliyeinama na sinia. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa nyumba ya Sharifan, dada wa marehemu mumewe, na mlango wa Sharifan ulifunguka kwenye gali ya kweli, inayotokea soko la wauza mitungi na kutoka hapo barabarani. Kwa kidirisha hicho mabibi walipitishiana mchuzi, chachu, watoto wachanga, na mara nyingine walipita wenyewe wakiinama, waume wakiwa kazini, kwenda kuzaa au kulia kwa mwenzao. Kilikuwa njia kuliko njia nyingi, lakini hakuna mwanamume aliyewahi kuiita hivyo, na wanawake hawakuwa na haja ya kuiita chochote. Walisema tu, "nimepitia ndani."

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Bakhtawar mwenyewe ndiye aliyelikomea, siku ile alipozikwa mumewe. Sharifan alikuwa ameweka sanda ya kaka yake, aliyoichovya Zamzam kwa mikono yake alipokwenda kuhiji. Joto lilikuwa kali, mzee msikitini anahimiza, na Sharifan akiwa bado anapekua sanduku, Bakhtawar alikubali maiti ivikwe sanda ya dukani. Sharifan alipotokea kidirishani na ile nguo mikononi, jeneza lilikwishatoka. Yaliyosemwa siku ile hayakusemwa tena, wala mengine yoyote. Yeye akakomea upande wake, mwenzake akasukumia sanduku lile lile upande wake.

Alipiga komeo kwa mchi. Likalegea. Akasukuma kidirisha, kikagonga bati la sanduku.

"Sharifan. Wifi. Uko?"

Kutoka nyuma ya sanduku: "Nani anaita wifi? Wifi yangu alizikwa pamoja na kaka yangu."

"Ni mimi Bakhtawar."

"Nimesikia. Sauti yako haijapungua kutu."

"Sogeza sanduku."

"Alaa! Miaka yote hiyo, na neno la kwanza ni sogeza sanduku. Umeishiwa chumvi?"

"Kuna mtoto hapa. Wanamfukuza. Wamesimama kwenye miimo, na kwako ndiko pekee anakoweza kutokea. Anatakiwa afike kwa hakimu kabla ya alasiri, la sivyo leo jioni anatolewa kulipa damu ya watu."

Huko nje sauti nyingine ilipanda, changa, ya ukali: "Baba, tunangoja nini? Soma kibao. Gali Namba Tisa. Gali ni ya watu wote!"

"Sharifan, nisikie," Bakhtawar alisema mdomo ukigusa mbao. "Ile sanda. Nilikosa. Nilikuwa na haraka, nikakunyima haki yako kwa kaka yako. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako. Nichukie kesho. Leo sogeza."

Akangoja. Akasikia pumzi upande wa pili, basi. Si ndiyo, si hapana.

"Nakuja, bibi kizee!" ilipiga kelele ile sauti changa. "Mfunike vichwa vyenu!"

Muda ulikuwa umekwisha. Bakhtawar alimleta Shumaila chumba cha nyuma, akamkalisha mbele ya kidirisha. Alimwona mguu mtupu unavuja damu kisiginoni. Akavua makubadhi yake mwenyewe, akamvika.

"Huyo aliye nyuma ya hiyo mbao anaitwa Shangazi Sharifan. Ana maneno makali. Zungumza naye."

"Na asipofungua?"

Bakhtawar hakuwa mtu wa kujibu asilolijua. Alimgusa kichwani, akajitanda shuka yake kubwa nyeupe, akatoka peku.

Sajjad alikuwa ameshaingiza mguu mmoja. Kijana mrefu, masharubu mapya, mkono mmoja umepotelea chini ya kanzu kiunoni. Nyuma yake Haji, mzee mnene wa ndevu zilizopakwa hina, alisimama nje kabisa ya miimo, tasbihi mkononi.

"Huo mguu ni wa nani?" Bakhtawar aliuliza.

"Wangu."

"Mama yako anajua kwamba umeuingiza uani kwa watu bila kuitwa?"

Mahali fulani nyuma ya mlango uliofungwa mwanamke alicheka kwa pua. Sajjad akawa mwekundu. "Uani gani? Kibao kinasema gali!"

"Basi muulize kibao. Kikikukaribisha, ingia."

"Sajjad," alisema Haji. "Rudisha mguu."

Mguu ulirudi, polepole, ukikwaruza vumbi.

"Dada yangu," Haji alisema, sauti yake laini kama samli, "sisi si watu wa vurugu. Wewe ni mtu wa sala, alama naiona kwenye paji la uso. Sikuapishi. Nakuuliza tu, na ninajua hutanidanganya. Mtoto wetu ameingia humu?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu kikohozi cha kwanza. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi, hapana tu. Wengi wangeusema na pengine Mungu angewasamehe. Lakini Bakhtawar alimtazama yule mzee machoni na kuona kwamba macho yale yangeujua. Uongo ungemwingiza ndani.

"Ameingia," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Nyuma ya milango mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Sajjad alipiga kofi. "Si nilisema!"

"Mungu akuweke," alisema Haji, na mabega yake yakashuka. "Basi mtoe, twende zetu."

"Sijasali adhuhuri, Haji. Mmenikuta kwenye pilipili. Niache nisali kwanza."

"Baba, anatupotezea wakati!"

"Anapoteza wakati wa nani?" Haji alimgeukia mwanawe. "Anakwenda wapi yule? Vehra haina mlango wa pili. Hujazaliwa kwenye vehra wewe?" Kisha kwa Bakhtawar: "Sali, dada. Na utuombee."

Kibla cha pale kilielekea nje, kwenye miimo, na mlango ule haukuwa na upana zaidi ya punda na mzigo wake. Bakhtawar alitandika msala katikati, ukingo wake wa mbele ukigusa mahali lilipokuwa lango. Haji alipoona, alimvuta Sajjad kwa shingo ya kanzu.

"Toka mbele yake! Unataka akusujudie wewe?"

Wakajitenga, mmoja kushoto, mmoja kulia, nje. Sasa mtu akitaka kuingia hana budi apite mbele ya anayesali, na hilo Haji Khuda Bakhsh, aliyekwisha kutufu Kaaba, asingelifanya.

Bakhtawar alisimama kwenye msala na hakuinua mikono mara moja. Alijiuliza kama hii ni sala au ni ukuta wa udongo alioujenga mlangoni. Mola wangu, alisema kimoyomoyo, wewe ndiye unayenijua. Sala ni yako. Ukitaka kuifanya iwe ukuta pia, ni juu yako. Kisha akahirimia.

Alisali kabliya yote, ile sunna ya kabla ya faradhi. Alisoma sura alizozijua, zile fupi alizofundishwa na mama yake, akazisoma neno kwa neno kama anayepepeta mchele. Jua lilikuwa juu ya utosi. Vumbi la msala lilikuwa moto kwenye paji lake. Hakusikia kitu kutoka nyuma. Hata kidogo. Akatoa salamu, akasimama kwa faradhi.

Kwenye rakaa ya pili lilikuja: bati likikwaruza sakafu, kilio kirefu kilichopenya ukuta mpaka nje.

"Nini hicho?" Sajjad alisema.

Bakhtawar alirukuu. Akayashika magoti kwa nguvu.

"Baba, umesikia? Kuna kitu kinasukumwa."

"Wanawake," alisema Haji. "Wanahamisha vyombo. Hawana kazi nyingine."

Kelele ilikatika katikati. Imekwama. Bakhtawar alisujudu, na kichwa kikiwa chini akasubiri, akarudia kumtukuza Mola wake zaidi ya alivyozoea, kwa kuwa hakuweza kuinuka bila kujua. Hatimaye akainuka, hajui. Rakaa ya tatu. Ya nne. Sajjad alikuwa akitembea huku na huku, kivuli chake kikikata ukingo wa msala na kurudi.

"Si amemaliza faradhi? Anaanza tena nini?"

"Baadiya. Na wewe ungekuwa unasali ungejua."

Bati likalia tena, safari hii mara mbili, kwenda na kurudi. Kisha kukawa kimya cha namna nyingine. Bakhtawar alimaliza baadiya, akaongeza sunna nyingine juu yake. Miguu yake peku ilikuwa imeungua. Alipotoa salamu ya mwisho, kulia na kushoto, hakuwa na rakaa nyingine ya kuongeza, na bado hakujua.

Alikunja msala.

"Haya, dada," alisema Haji. "Mlete."

"Njooni mumtafute wenyewe," alisema, kisha akapaza sauti hadi mwisho wa vehra: "Jamani, wanaume wanaingia! Jistirini!" Na kwao: "Mkohoe kila mlango. Mnaanza kwangu."

Alitangulia mbele yao, na kila hatua ilikuwa nzito, maana kama Sharifan alilisogeza sanduku ili amtukane vizuri, basi msichana yuko pale sakafuni na ni yeye Bakhtawar aliyewaleta. Alisukuma pazia la chumba cha nyuma.

Hapakuwa na mtu. Mfarishi ulitundikwa upya, umepinda. Chini ya kitanda cha kamba ilichungulia sandali moja, na Bakhtawar akasimama mbele yake, shuka yake ikaifunika.

Sajjad aliinua godoro, akafungua kabati, akapigapiga mtungi wa unga. Haji alitazama kuta bila haraka. Macho yake yaliona mfarishi uliopinda. Akausogeza kwa kidole kilichoshika tasbihi, akakiona kidirisha.



"Aa," alisema Haji, na usoni mwake kukapita kitu kama tabasamu. "Cha sahani. Hata kwetu kipo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapitishia achari." Alikisukuma kidogo. Kikagonga bati, kikakataa. "Kimezibwa." Akauachia mfarishi.

Walikwenda mpaka ukutani, wakikohoa kila mlango, na kila mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyefunika uso na kuwatazama bila kuwasemesha. Waliporudi, Haji alikuwa ametoka jasho na ile samli imemwisha sautini.

"Uliniambia ameingia."

"Nilikwambia kweli."

"Yuko wapi?"

"Sasa hayumo. Hiyo nayo ni kweli."

"Ametokea wapi!"

"Haji, aliyekuwa mlangoni ni wewe."

Sajjad alimshika Bakhtawar mkono juu ya kiwiko, akambana hadi mfupa. "Sema, mchawi! Sema, nisije nika..." Na milango yote ikafunguka. Hawakupiga kelele. Walitoka tu, mmoja mmoja, wenye michi, wenye visu vyao vya vitunguu, wakasimama vizingitini. Mzee mmoja wao, asiyesikia vizuri, aliuliza kwa sauti kubwa, "Huyo kijana amemshika nani?"

"Mwache," alisema Haji.

"Baba!"

"Mwache, nimesema! Unataka niingie mjini na habari kwamba mwanangu kampiga mwanamke wa sala uani kwake?" Alimgeukia Bakhtawar. "Tumeujua mlango wako."

"Ni wa kwanza," alisema. "Kila mtu anaujua."

Walipotoka, alikaa kizingitini. Wanawake walimletea maji, walimletea barafu, walimuuliza yote kwa pamoja. Akageuza pilipili. Kutoka mtoto kwenye kidirisha hakukuwa kufika. Kutoka kwa Sharifan ni gali, kutoka gali ni soko, kutoka soko ni barabara, na barabara ni ya serikali na ya yeyote mwenye pikipiki. Haji alikuwa na ndugu wengi wenye pikipiki. Adhana ya alasiri ililia, akasali tena, safari hii ndani, haraka, akilia.

Jua lilikuwa limeshuka ukutani bati lilipokwaruza. Bakhtawar alifika kidirishani kabla halijakwisha kulia. Kidirisha kilivutwa, kikafunguka, na makubadhi yake mawili yakatupwa miguuni pake, yametapakaa vumbi la barabarani. Kidirishani kikatokea kichwa cha Sharifan, mvi zaidi ya alivyokumbuka, nikabu imepandishwa utosini.

"Vaa viatu vyako. Mtoto nimemnunulia vingine, hivi vilikuwa vinamvuka kama mashua."

"Amefika?"

"Ngoja nipumue. Sanduku limenivunja kidole cha mguu. Rikisha imetukwama kwenye reli, dereva mjinga, nikamtukana mpaka geti likafunguka. Tumekimbia ngazi zile za mahakama, mimi na goti hili. Hakimu alikuwa ameshavaa miwani ya jua, anaondoka."

"Sharifan, amefika?"

"Alisimama mbele yake, anatetemeka kama jani. Nikasema huyu hatasema. Akasema. Jina lake, jina la baba yake, kwamba hataki na hakuna aliyemuuliza. Hakimu akaketi tena, akavua miwani. Yule wakili yuko naye, na polisi wanawake wawili, wamempeleka kwenye nyumba yao. Na kwa ba'mkubwa wametuma gari." Alipangusa uso. "Ameniagiza nikuulize kama sandali yake ipo."

Bakhtawar aliinama, akaitoa chini ya kitanda. Akaishika ile sandali kwa mikono miwili.

"Usianze kulia," alisema Sharifan. "Sijaja kukusamehe. Nguo ya kaka yangu bado imo humu sandukuni, naiona kila nikitafuta shuka." Akaegemeza viwiko kwenye mbao ya kidirisha, kama walivyokuwa wakiegemea zamani mchana waume wakiwa kazini. "Pilipili zako zimekauka? Nusu ni zangu. Mwezi mzima nanusa harufu yake ukutani."

Bakhtawar alikwenda nje kuchota pilipili. Aliporudi na sinia, kiti cha Sharifan kilikuwa kimesogezwa karibu na ukuta, na sanduku lilikuwa limepelekwa upande mwingine wa chumba.